Sisi Hatukuwatuma

Mara nyingi tunasikia watu wakiwalaumu wakubwa wa politike kwa sababu ya maneno yao makali. Sisi pia tunataka kusema juu ya jambo hilo leo. Lakini inatupasa kwanza kuungama kosa letu wenyewe, kusudi mtu asiseme kwamba tunaona uchafu wa ua wa jirani tu.

Sisi tunaowaandikia ni katekista katika mtaa mmoja wa wafanyakazi, katika nchi ya migodi, kusini mwa Katanga. Tulisoma miaka michache katika seminari, kisha tukatoka, tukaoa, na leo tunafundisha dini na kuongoza sala ya Dominika wakati padri hawezi kufika. Sisi si mkubwa. Hatuna chama, hatuna gari, hatuna askari wa kutulinda. Tuna sauti tu, na watu mia mbili hivi wanaotusikiliza. Lakini tulijifunza kwamba sauti moja na watu mia mbili vyatosha kubomoa nyumba ya mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Katika mtaa wetu kuna kisima kimoja cha pompi. Mwaka 2023, mwisho wa kiangazi, maji yalipungua sana, na kina mama walisimama kwenye mstari tangu saa kumi ya usiku. Mlinzi wa kisima alikuwa baba mmoja aliyezaliwa hapahapa kwetu, lakini wazazi wake walitoka Kasai. Watu wakaanza kunong'ona kwamba usiku anawauzia maji watu wenye pikipiki na mabidoni kutoka mitaa mingine. Hakuna aliyeona kwa macho yake. Sisi pia hatukuona. Lakini nyumbani kwetu ndoo zilirudi tupu siku mbili mfululizo, na hasira ikatuingia.

Dominika ile, sala ilipokwisha, tulisimama kutoa matangazo. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: siku ya Jumatano patakuwa na kikao juu ya kisima. Lakini tulipoona nyuso za watu zikitutazama, tukaongeza maneno. Tulisema kwamba shamba lenye magugu haliponi mpaka magugu yang'olewe pamoja na mizizi. Tulisema kwamba mgeni akila sana, mwenye nyumba hulala na njaa. Kisha tukauliza kwa sauti kubwa: «Vijana wa mtaa huu, mko wapi?» Watu wakapiga makofi. Kusema kweli, makofi yale yalitupendeza. Tulirudi nyumbani tukijiona kama Musa aliyetoka mbele ya Farao.

Usiku uleule vijana kumi na wawili walikwenda kwa mlinzi wa kisima. Waling'oa mabati ya nyumba yake, wakamwaga unga wake wa mahindi chini, na mwana wake wa kwanza alipojaribu kuwazuia, wakamvunja mkono.

Asubuhi shefu wa mtaa alituita. Akatuuliza kama ni sisi tuliowatuma. Tukajibu upesi, bila hata kufikiri: «Sisi hatukuwatuma.» Na ilikuwa kweli. Hatukutaja jina la mtu. Hatukutaja nyumba. Hatukusema waende usiku. Shefu akaandika jibu letu katika daftari yake, nasi tukatoka nje.

Pale nje, chini ya mwembe, alikuwa amekaa mama mzee mmoja, shangazi wa yule baba. Alitusalimu kwa heshima kama siku zote: «Jambo, Mwalimu.» Tukamwitikia: «Jambo, Mama.» Kisha akasema polepole: «Mwalimu, nimesikia kwamba hukuwatuma. Nami nakuamini. Mwaka 1992, kule Likasi, gavana naye hakuja kwetu na panga. Tulimsikia kwa radio tu.»

Neno lile lilitushinda kujibu. Siku ile hatukula vizuri, na usiku usingizi haukuja.

Wasomaji walio vijana pengine hawajui mama yule alisema habari gani. Sisi wenyewe wakati ule tulikuwa mtoto wa mgongoni. Basi, tueleze kwa kifupi.

Zamani za Wabelgiji, Union Minière na kompani ya reli, iliyoitwa BCK, walichukua wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Reli ya kutoka Katanga kwenda Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, ilimalizika mwaka 1928, nayo ilipita katikati ya Kasai. Watu wakaja na wake zao, wakazaa watoto, wakazeeka, wakazikwa huku. Wengi wao walikuwa makarani, mafundi na walimu. Wenyeji waliona uchungu kuona kazi nzuri mikononi mwa watu waliowaita wageni. Tuseme haki: uchungu ule haukuwa wa bure wote. Mtu anayekosa kazi katika nchi ya babu zake ana ruhusa ya kulalamika, na kiongozi ana ruhusa ya kulalamika pamoja naye.

Katika mwezi wa Novemba 1991 Nguza Karl-i-Bond alifanywa waziri wa kwanza wa Zaïre, na mwenzake wa chama cha UFERI, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alifanywa gavana wa Shaba. Shaba ndilo jina la Katanga siku zile. Gavana alikuwa msemaji hodari, na watu walijaa katika mikutano yake. Aliwaambia Wakatanga wasimame, washike nchi yao. Lakini hakuishia hapo. Katika hotuba za siku zile Wakasai waliitwa «bilulu», maana yake wadudu. Tarehe 15 Agosti 1992 mkutano mkuu wa taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, ashike mahali pa Nguza. Hapo moto ukawaka. Vijana wa chama, walioitwa JUFERI, na watu wengine pamoja nao, wakawashambulia Wakasai, wakawafukuza katika nyumba zao, kule Likasi katika mwaka ule wa 1992, na kule Kolwezi tangu mwezi wa Machi 1993. Wengine waliuawa. Hesabu ya waliofukuzwa hufika mamia ya maelfu. Walirundikana kwenye vituo vya gari la moshi na katika mashule, wakingoja magari ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, katika nchi ambayo wengi wao hawakuiona hata siku moja.

Mama mzee alikuwa mmoja wao. Baada ya siku mbili tulirudi kwake, tukaketi chini ya mwembe uleule, akatueleza. Walilala nje ya kituo cha Likasi majuma mengi. Mvua ikawakuta pale. Mtoto wake wa tatu akashikwa na surua, akafa kabla ya gari kufika. Miaka kenda baadaye alirudi Katanga, kwa maana huko Kasai hakujua mtu. Kwao ni huku.

Tukamwuliza: «Mama, nani aliyewatoa nyumbani?» Alinyamaza kidogo, akajibu: «Kijana wa jirani. Mimi mwenyewe nilimwogesha alipokuwa mtoto. Hakuwa mtu mbaya, Mwalimu. Alikuwa amesikia.»

Basi, wasomaji wapenzi, tujiulize pamoja: deni la mambo hayo ni la nani? La yule aliyesema, ama la yule aliyesikia akatenda? Tumefikiri sana juu ya swali hili, kwa sababu ni swali letu pia. Tumeona kwamba mkubwa aliyesema maneno ya vita hujitetea kwa njia tatu. Tuzitazame moja moja.

Kwanza husema: «Mimi sikuwatuma.» Ndilo jibu letu mbele ya shefu. Lakini katika seminari tulifundishwa njia kenda ambazo mtu hushiriki kosa la mwingine: kwa kumshauri, kwa kumwamuru, kwa kukubali, kwa kumchokoza, kwa kumsifu, kwa kumficha, kwa kutenda pamoja naye, kwa kunyamaza, na kwa kulitetea kosa lililotendwa. Tuliandika zote katika daftari na tulizijibu vizuri siku ya mtihani. Tazameni sasa: kuamuru ni moja tu kati ya kenda! Yule anayesema «sikuwatuma» amejitoa katika njia moja, akabaki na nane.

Wazee wetu wa kijijini walijua jambo hili bila seminari. Mtu akichoma nyasi mwezi wa Agosti, upepo ukapeleka moto mpaka ghala ya jirani, baraza halimwulizi kama alitaja jina la ghala ile. Humwuliza: «Hukuona kwamba nyasi zimekauka? Hukusikia upepo?» Kiongozi anayepanda jukwaani mbele ya vijana wasio na kazi, wenye njaa, waliokwisha ambiwa nani mwenye kosa, anaona ukavu wa nyasi kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiyo sababu alichagua kusema pale na siku ile.

Mtu atatuuliza: «Je, kiongozi asiseme ukweli mkali? Anyamaze mbele ya udhalimu?» Hapana, hatusemi hivyo. Aseme kwamba mishahara haitoshi. Aseme kwamba kazi hazigawanywi kwa haki. Ataje sheria mbaya, ataje waziri aliyeiandika. Watu wamtume mjumbe, wapige kura, hata waandamane. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kusema «jambo hili ni baya» na kusema «watu hawa ndio ubaya». Neno la kwanza huwapeleka watu kwenye baraza. Neno la pili huwapeleka kwenye mlango wa jirani.

Pili mkubwa husema: «Maneno yangu yalikuwa mfano tu.» Sisi pia tulijitetea hivyo moyoni mwetu: magugu ni mfano, mgeni ni mfano. Lakini fikirini. Mtu akiona mdudu katika chakula chake, je, huomba ruhusa ya kumponda? Je, hulala na majuto? Ndiyo kazi ya mfano wa namna ile: kuondoa majuto kabla ya tendo. Anayemwita mtu mdudu hawaambii wafuasi wake waue. Anawaambia kwamba, wakiua, hawajaua mtu.

Majirani zetu wa Rwanda waliyaona hayo kwa mauti makubwa kuliko ya kwetu. Hatusemi kwamba mambo ya Katanga na ya Rwanda ni sawa. Lakini neno lilikuwa la ukoo mmoja: huku bilulu, kule inyenzi, maana yake mende. Tarehe 22 Novemba 1992, miezi ileile Wakasai walipokuwa wakilala kwenye vituo vya gari la moshi, mwanasiasa aitwaye Léon Mugesera alitoa hotuba huko Kabaya ya kuwachochea Wahutu juu ya Watutsi. Yeye mwenyewe aliondoka Rwanda, na mauaji makubwa ya mwaka 1994 yalipotokea hakuwako nchini. Hata hivyo Kanada, alikokuwa amekimbilia, ilimrudisha mwaka 2012, na mwaka 2016 tribunali ya Rwanda ikamhukumu kifungo cha maisha. Tena mwaka 2003 tribunali ya mataifa huko Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa radio RTLM na mwenye gazeti mmoja. Mwaka 2007 majaji wa rufani walipunguza adhabu zao, lakini hawakuwaachilia. Kumbe, maneno tu yanaweza kuwa kosa la jinai. Mapatano ya mataifa juu ya mauaji ya namna hiyo yalisema hivyo tangu mwaka 1948: anayechochea watu wazi na moja kwa moja ana kosa, hata kabla panga halijatoka.

Tatu mkubwa husema: «Lakini nilisema pia neno la amani.» Mambo haya si ya Afrika peke yake. Tarehe 6 Januari 2021, huko Washington katika Marekani, Rais Donald Trump, aliyeshindwa katika uchaguzi asikubali, aliwahutubia wafuasi wake muda wa saa moja na zaidi. Aliwaambia mara nyingi wapigane. Aliwaambia pia waende kwa amani. Wengi wakaenda, wakavunja madirisha na milango ya bunge, wakawapiga polisi. Katika seneti maseneta 57 walisema rais ana kosa na 43 walisema hana. Zilihitajiwa kura 67, kwa hiyo akaachiliwa. Waliomtetea walishika lile neno la amani. Waliomshtaki walishika maneno ya kupigana. Sisi tunasema hivi: mpishi aliyejaza chungu pilipili asijitetee kwa punje moja ya sukari. Watu hupokea neno lile ambalo hotuba nzima imewatayarisha kulipokea. Tena saa mbili na zaidi zilipita, watu wakiwa ndani ya bunge, kabla rais hajawaambia warudi nyumbani.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalotugusa kuliko yote. Tribunali haiwezi kufika kila mahali. Gavana wa Shaba hakuhukumiwa kwa sababu ya maneno ya 1992. Baadaye alikuwa mkubwa wa bunge la jimbo, na mwaka 2016 chama chake kipya, UNAFEC, kilikuwa katika kundi moja la wapinzani pamoja na Tshisekedi yuleyule. Alikufa mwaka 2021. Hatumhukumu marehemu, hukumu ni ya Mungu. Tunaona tu kwamba wakubwa wanaweza kupatana mezani, bali mtoto wa mama mzee hakurudi kutoka Likasi.

Tena mwaka 1998, vita ilipofika karibu na Kinshasa, Abdoulaye Yerodia, mmoja wa wasaidizi wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alisema maneno makali sana juu ya Watutsi, na watu waliotuhumiwa kuwa waadui waliuawa mabarabarani. Mwaka 2000 jaji mmoja wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata. Tarehe 14 Februari 2002 tribunali ya mataifa huko La Haye ikasema hati ile ifutwe, kwa sababu alikuwa waziri wa mambo ya nje ilipotolewa. Swali la kosa lenyewe halikujibiwa. Na hapa kwetu Kongo tuna sheria tangu mwaka 1966 inayokataza chuki ya rangi na ya kabila. Sheria iko. Lakini ni wangapi wanaoijua?

Basi, kwa kuwa tribunali iko mbali, raia wa kawaida atampima mkubwa kwa njia gani? Kipimo chetu ni hiki: mtazameni siku ya pili. Siku ya kwanza, labda alisema kwa hasira, labda alishangilia makofi, labda hakujua nguvu ya neno lake. Tunamhurumia, maana hata sisi tulikuwa hivyo. Lakini siku ya pili amekwisha kuona mabati chini na mkono umevunjika. Sasa anajua wafuasi wake walisikia nini. Je, anakwenda pale, mbele ya watu walewale, anasema kwa sauti ileile: «Mmenisikia vibaya, ama nimesema vibaya, acheni»? Ama anakaa kimya, akisema moyoni kwamba hakuwatuma? Sauti iliyoweza kuwasimamisha vijana inaweza pia kuwaketisha. Mkubwa anayekaa kimya siku ya pili amelichukua tendo lao, likawa lake.

Wala vijana wasidhani kwamba tunawaondolea mzigo. Mkono ni wa mwenye mkono. Yule kijana wa Likasi alikuwa amesikia, kweli. Lakini alikuwa pia ameogeshwa na mama yule, na alijua. Deni hili haligawanyiki kama nyama ya mbuzi, kwamba mkubwa akichukua paja, mdogo atabakiwa na mbavu. Mkubwa analo lote, na mdogo analo lote. «Nilitumwa» halimwondolei mdogo kosa, kama «sikutuma» lisivyomwondolea mkubwa.

Tulifanya nini sisi? Siku mbili za kwanza tulikaa kimya. Tunaona haya kuyaandika. Tulingoja kwamba labda watu watasahau. Siku ya Jumatano kikao kilifanyika, fundi akafungua pompi, akaonyesha watu mpira wa ndani uliochakaa kabisa. Ndiyo sababu maji yalipungua. Hakuna aliyeuza maji.

Jioni ile tulikwenda kwa yule baba. Alikuwa amefunika nyumba kwa turubai. Tulipiga magoti mlangoni kwake, mbele ya watoto wake, tukamwomba radhi. Akasema: «Inuka, Mwalimu, watoto wanatazama.» Hakusema neno lingine.

Dominika iliyofuata tulisimama mahali palepale. Tuliyarudia maneno yetu yote matatu, ya magugu, ya mgeni, na ya vijana, tukasema kwamba kila moja lilikuwa kosa, na kwamba mkono wa kijana yule tuliuvunja sisi pamoja na wale kumi na wawili. Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Baba wa mmoja wa vijana alitoka nje katikati ya maneno yetu. Wengine walisema njiani kwamba Mwalimu amenunuliwa na Wakasai. Tukajua kwamba kuzima ni kazi ngumu kuliko kuwasha, na kwamba anayezima hapati sifa. Hata hivyo watu walichanga franga, na vijana tisa kati ya wale kumi na wawili walikuja kupigilia mabati mapya. Watatu hawakuja.

Mkono wa kijana ulipona, lakini umepinda kidogo. Baba yake aliacha kazi ya kisima. Akikutana nasi anatusalimu, kisha hupita upande wa pili wa njia. Hatuwezi kumlaumu. Kuna mambo ambayo kuomba radhi hakuyarudishi.

Miezi michache baadaye, kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, magari yenye vipaza sauti yalipita mtaani kwetu kama mahali pengine pote. Vijana walitujia wakiuliza wamfuate nani. Hatukuwatajia chama, si kazi yetu. Tuliwapa maswali matatu tu, nasi tunawapa ninyi pia, wasomaji, kwa ajili ya chaguzi zitakazokuja. La kwanza: mtu huyu anapolalamika, anataja jambo, ama anataja kabila? La pili: anawaita watu kwa jina la watu, ama kwa jina la wadudu, la wanyama na la magugu? La tatu: wafuasi wake walipowahi kumdhuru mtu, yeye alikuwa wapi siku ya pili, na alisema nini? Mkipata jibu la hilo la tatu, mmemjua.

Mama mzee bado yu hai. Kila Dominika anaketi kwenye benchi ya kwanza, upande wa kina mama. Tunaposimama kutoa matangazo, tunaona macho yake. Sasa tunayaandika matangazo yote kwenye karatasi nyumbani, tunayasoma kama yalivyo, kisha tunaketi.